Kwa nini jiko banifu hupasuka kabla ya wakati?

Serikali ya Tanzania inalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao umekuwa ukisambaza majiko banifu vijijini kwa bei ya ruzuku. Lakini jiko likipasuka mapema, familia hurudi kwenye mafiga matatu.

Aina inayojulikana sana ni ile yenye ganda la bati nje na udongo wa kuchoma ndani, iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo hutunza joto, bati huukinga usigongwe. Shida huanzia pale viwili hivi vinapokutana.

Ufa mdogo kuliko unywele

Kila kitu kikipata joto hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Kwa joto lilelile, chuma hutanuka takriban mara mbili ya udongo wa kuchoma. Kwa hiyo kila unapowasha na kuzima moto, bati na udongo huvutana. Bati hupinda kidogo na kustahimili. Udongo haupindi, hukatika.

Ukiutazama kwa hadubini, udongo una vitundu vidogo na nyufa ambazo jicho halizioni. Mvuto wote hukusanyika kwenye ncha ya ufa, nao husogea kidogo kila siku. Ukimwagia maji jiko la moto, unaweza kufika mwisho kwa mara moja.

Ndiyo maana mafundi wazuri hujaza katikati saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayopunguza joto linalofika kwenye bati. Hata wahandisi wa injini za ndege hupaka tabaka la kuunganisha kati ya chuma na kauri, ili kauri isibanduke haraka.

Unachoweza kufanya

Kabla ya kununua, tikisa jiko: udongo usicheze ndani ya bati. Kagua ukingo kama una ufa. Siku za mwanzo washa moto mdogo, na usilizime kwa maji.

Wasambazaji nao wana swali la kujibu. Hesabu ya majiko yaliyogawiwa haitoshi. Wananchi wanapaswa kuambiwa mangapi bado yanapikiwa baada ya mwaka mmoja, na fundi wa kubadilisha udongo anapatikana wapi.