Makinikia: Kwa nini dhahabu na shaba ziko kwenye jiwe moja?

Unakumbuka yale makontena 277 ya makinikia pale bandarini Dar? Machi 2017 Rais Magufuli alizuia mchanga huo kwenda nje. Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema una dhahabu nyingi kuliko iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia ikapinga.

Wengi tulibishana kuhusu kiasi. Wachache tuliuliza: mgodi wa dhahabu unatoaje shaba?

Jibu ni maji ya moto

Mchanga ule ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, Shinyanga. Zamani sana, maji ya moto yalipanda kutoka chini kabisa ya ardhi kupitia nyufa za miamba, yakiwa yamebeba dhahabu, shaba na salfa. Presha iliposhuka au yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, yakaangusha mzigo. Ndiyo maana metali hizi zimelala pamoja.

Umri unajulikanaje?

Dhahabu yenyewe ni ngumu kuipima umri, kwa hiyo wataalamu hupima jirani yake. Zirkoni, chembe ndogo ngumu ndani ya mwamba, ina uraniamu inayogeuka polepole kuwa risasi. Ukilinganisha hizo mbili unapata umri.

Geita Hill kuna mwamba uliopenya ukiwa uji wa moto, na zirkoni zake zinaonyesha takriban miaka bilioni 2.64. Dhahabu iliingia baada yake, kwa hiyo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Bado ni ya kale mno: dinosaria walikuja zaidi ya miaka bilioni 2 baadaye.

Sasa inatuhusu nini?

Inahusu hela. Ukijua ni nyufa zipi zilikuwa wazi maji yalipopita, unajua pa kuchoronga. Kampuni kubwa zina wataalamu wa kuzisoma. Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama anashuka duarani kwa kubahatisha, na akikosa, mtaji umekwenda.

Mgogoro wa makinikia uliisha kwa makubaliano na Barrick: ikaundwa Twiga Minerals, serikali ikapata asilimia 16. Lakini hisa hazikwambii kilichomo kwenye jiwe. Hilo linahitaji maabara na wanajiolojia wetu, pamoja na ramani za Taasisi ya Jiolojia, GST, zinazomfikia hadi mwenye sururu. Bila hivyo, mjadala ujao wa madini tutabishana tena kwa namba za wengine.