CST ya Mwezi wa Saba

Tumechoka na matangazo ya misiba yanayoandikwa "Jumamosi, 10:00 AM CST" katikati ya mwezi wa saba. Hapa Fort Worth mwezi wa saba hakuna CST. Ile S ni ya Standard, yaani saa ya kawaida, ya majira ya baridi. Tangu 2007 saa za hapa kwetu husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na muda wote huo saa yetu, pamoja na ya Dallas na Houston, huitwa CDT. CST ni kweli kwa miezi minne na ushee tu. Sisi tunaibandika mwaka mzima kama nembo.

Watetezi husema: "Lakini kila mtu anaelewa." Anaelewa nani? Anayeishi Arlington hazihitaji herufi hizo. Anatazama saa ya ukutani kwake, basi. Herufi zimeandikwa kwa ajili ya aliye mbali, na huyo ndiye tunayempotosha.

Chukueni kikao cha kuamua kama marehemu azikwe hapa au asafirishwe. Tangazo hilo linamfikia baba mkubwa Dar es Salaam. Kijana wake anapiga hesabu inavyopasa: CST na Dar zimepishana saa 9, basi kikao ni saa 1 usiku. Kumbe wenye kikao walimaanisha saa ya ukutani, ambayo Dar ni saa 12 jioni. Mzee anaingia kwenye simu, watu wanaagana. Neno lake, lililotakiwa kutangulia, halikusikika, na mchango umeshapangiwa matumizi. Kisha tunasema watu wa nyumbani hawajali muda! Kijana alisoma kilichoandikwa.

Tena herufi zenyewe si zetu peke yetu. China nayo saa yake huandikwa CST, na kwa ndugu zetu wafanyabiashara walioko Guangzhou, CST iko saa 5 mbele ya Dar, siyo 9 nyuma yake. Sisi wahandisi tukiandika futi penye mita, mchoro unarudishwa siku hiyohiyo.

Tunataka tangazo la mwezi wa saba lisomeke hivi: "Saa 4 asubuhi Fort Worth, saa 12 jioni Dar, Nairobi na Kampala, saa 11 jioni Goma na Bukavu." Wakongo ni wengi mjini kwetu, na mashariki ya Kongo iko saa moja nyuma ya Dar, jambo ambalo waandishi wa matangazo hulisahau kila mara. Neno "jioni" lisiachwe, maana saa 12 yetu siyo 12 ya kwenye simu. Saa zikirudishwa Novemba, andikeni saa 1 usiku Dar na saa 12 jioni Goma. Kamati ikiona mstari ni mrefu, ipunguze picha za maua.