Kilatini Kisipitie kwa Mwingereza

Kuna mabishano ukooni kwetu, nami nimeona niyatoe hadharani kwa sababu hayatuhusu sisi peke yetu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 12. Mchana anasoma shule ya msingi hapa Bukoba mjini, jioni anajifunza Kilatini nyumbani. Amemaliza kitabu cha kwanza, cha zamani, kilichotoka kwenye sanduku la babu yake kule Muleba. Sasa swali ni moja: kinachofuata kiwe kitabu gani?

Zimezuka kambi tatu. Ya kwanza inasema aache kabisa, asome kompyuta. Ya pili ni ya wazee waliopita seminari: aendelee na sarufi nene ya Kiingereza, mistari ya kukariri kutoka juu hadi chini, maana "sisi tulisoma hivyo na tukajua". Kambi ya tatu ni mimi peke yangu, na leo natafuta wafuasi. Nasema hivi: kitabu kinachofuata kisiwe kile kinachomfundisha Kilatini kwa Kiingereza.

Kambi ya kwanza nitaimaliza upesi. Hilo neno kompyuta lenyewe lina mzizi wa Kilatini, computare, yaani kuhesabu. Na ninyi wajomba mnaouza kahawa ya robusta kila msimu, mnajua mnatamka nini? Robusta ni Kilatini, maana yake yenye nguvu. Mnakitumia Kilatini kwenye mizani, halafu mnamwambia mtoto hakina kazi! Tena binti huyu anataka kuwa mwandishi, kama wengi wetu tunaosoma kurasa hizi. Basi ajue kwamba riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia nzima iliandikwa na Apuleius, mtu wa Madauros, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, kwenye karne ya 2. Sisemi alikuwa Mhaya. Nasema lugha hii haijawahi kuwa mali ya Wazungu peke yao.

Kambi ya pili ndiyo ngumu, maana ni wazee wetu na wanajua wanachokisema. Nawapa shikamoo zao zote, kisha napinga.

Tuangalie sentensi ndogo: puella librum legit. Msichana anasoma kitabu. Maneno matatu kwa matatu! Sasa ipitishe kwenye ung'eng'e. Kwanza mtoto atafute vile vineno vidogo vinavyotangulia msichana na kitabu. Kilatini hakina vineno hivyo, Kiswahili hakina, lakini mtoto ataambiwa avitie. Halafu mwondoe msichana, ubakize legit peke yake. Kiswahili chasema anasoma, neno moja, na mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza kitamwuliza: ni mwanamume au mwanamke? Legit haisemi. Anasoma haisemi. Swali limetoka wapi? Limetoka kwa Mwingereza, na mtoto wa Bukoba anapoteza jioni yake kulijibu.

Endelea. Kilatini kinadai sifa ifuatane na jina lake. Coffea ni ya kike, kwa hiyo ni robusta. Lingekuwa jina la kiume tungesema robustus. Mwalimu wa Kiingereza atahangaika wiki nzima kueleza jambo hilo, maana kwake kivumishi hakibadiliki. Mtoto wetu je? Toka alipoanza kusema anajua kwamba ni mti mrefu, miti mirefu, kitabu kirefu. Kwa bibi yake anasikia omuti na emiti, omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo. Upatanisho ameunyonya pamoja na maziwa. Mfundishe kwa kumwambia, "Hizi ni ngeli, ila wenzetu Warumi wanazo chache na alama zao huonekana zaidi mwishoni mwa neno." Dakika tano ameelewa.

Wazee watasema: na zile hali za majina je, ambapo liber anakuwa librum kwa sababu tu kitabu ndicho kinachosomwa? Kweli, hapo pana kazi, Kiswahili hakifanyi hivyo. Lakini hatuko mikono mitupu. Sisi husema nyumba, halafu nyumbani. Tumegusa mwisho wa neno, kazi yake imebadilika. Kilatini kwa nyumbani ni domi, neno moja vilevile. Mtoto anayejua nyumba na nyumbani ana mlango wa kuingilia. Kwa nini tumzungushe uani?

Hapo wazee hutoa turufu yao: Kadinali Laurean Rugambwa. Mtoto wa Muleba, alisoma Rubya, mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa Kadinali, na Kilatini alikisoma kwa njia ya zamani. Sawa. Lakini tuambizane ukweli, vijana wale walikuwa na nini? Walikuwa na mwalimu mbele yao kila siku, na Misa ya Kilatini kila asubuhi. Sarufi waliikariri darasani, kisha lugha yenyewe wakaisikia, wakaiimba na kuijibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za wenyeji kwa hati yake ya 1963, mambo yalibadilika. Mpwa wangu anasali kwa Kiswahili, na akienda kwa bibi anasali kwa Kihaya. Sisikitiki. Ila mkimpa sarufi tupu, mnampa nusu ya kile mlichopewa ninyi, tena ile nusu kavu.

Na mimi nina turufu yangu, nayo inatoka Rubya ileile. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe aliyezaliwa 1896, alipelekwa pale kusoma wakati nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani. Alijifunza Kilatini pale. Je, alikijua kwa sababu Mwingereza alimshika mkono? Mwingereza hakuwa anatawala hapa! Na alipokuja kuandika riwaya yake kubwa, aliyoimaliza 1945, Kitereza aliiandika kwa Kikerewe. Baadaye akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwenyewe alifariki 1981. Vijana wenzangu mnaoota riwaya, mtazameni mzee huyo vizuri. Lugha za mbali alizijua, na lugha ya mama akaibeba hadi kitabuni.

Haya, mtaniuliza, wewe unapendekeza nini? Napendekeza kitabu cha Hans Ørberg wa Denmark, Lingua Latina per se illustrata, sehemu yake ya kwanza iitwayo Familia Romana. Kina sura 35, na zote zimeandikwa kwa Kilatini. Hakuna tafsiri ndani yake. Maneno mapya yanaelezwa kwa picha na kwa maneno rahisi pembeni mwa ukurasa. Kinaanza na ramani: mito, visiwa, miji. Kisha inakuja familia: baba, mama, watoto, na maisha yao yanasonga mbele sura kwa sura kama hadithi. Mtoto wa Ziwa Viktoria anayejua kisiwa na mto ataona picha na kuelewa. Linganisha na Cambridge Latin Course, iliyoanza kutoka 1970. Nayo ina hadithi nzuri, za familia ya Pompeii, sikatai. Lakini orodha zake za maneno na maelezo yake ni Kiingereza, na palepale tumerudi kwa Mwingereza.

Najua yatakayosemwa. Eti kitabu cha Ørberg kinaanza mwanzo kabisa, mtoto atakuwa amerudishwa darasa. Nimemjaribu: majedwali anayataja kama kasuku, lakini ukurasa mmoja wa hadithi hauwezi. Sura za mwanzo atazipita mbio, na mbio hizo zitampa moyo. Eti kitabu ni ghali, kinaagizwa ng'ambo. Kweli, lakini ukoo unaochangia harusi hauwezi kushindwa na kitabu. Eti nyumba ile ya Kirumi ina watumwa, na wanapigwa. Hilo ni kweli, na ni zito. Asisome akilipita. Amwulize babu yake utumwa ulikuwaje hapa kwetu, kisha arudi kitabuni akiwa macho.

Sasa niseme lililo moyoni. Angekuwa mvulana, mabishano haya yasingekuwepo. Angefanya mtihani wa seminari ndogo, angefundishwa, na wajomba wangechinja mbuzi. Yeye ni msichana, mlango huo si wake, na ndiyo maana wengine wanakiona Kilatini chake kama mchezo. Jamani! Mwaka 203, kule Karthago, Tunisia ya leo, mwanamke wa miaka kama 22, mwenye mtoto mchanga, alifungwa akingoja kuuawa kwa ajili ya imani yake. Huko gerezani aliandika habari zake mwenyewe kwa Kilatini, na maandishi hayo yapo hadi leo. Jina lake Perpetua. Wasichana wangapi wa Bukoba wanaitwa Perpetua? Na wangapi wamewahi kuambiwa kwamba huyo mtakatifu alikuwa mwandishi?

Hapo ndipo nataka mpwa wangu afike: amsome Perpetua kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo ayaandike pembeni kwa Kiswahili. Sarufi nene ya Kiingereza itamchosha kabla hajafika. Na kwa kuwa mwalimu hana, kitabu chenyewe ndicho mwalimu. Mimi nimeshaanza daftari la maneno, Kilatini upande mmoja, Kiswahili na Kihaya upande wa pili. Wazee mliopita seminari, acheni kuninunia, njooni mnisahihishe, maana mnajua kuliko mimi. Na kijana mwenye hoja ya kunipinga ashike kalamu, kurasa hizi zipo.