Ofisa wa kesho: miguu, kichwa na moyo

Vijana wenzetu,

Asubuhi mapema, kwenye barabara za mitaa yetu, tunaona vijana wanakimbia. Wengi wanasema wanataka kwenda Kananga, kwenye Akademia ya kijeshi, watoke huko maofisa. Tunawaunga mkono. Lakini tuambiane ukweli: kukimbia peke yake haitoshi.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 189, inadai wanajeshi na makomanda wawe na nguvu ya mwili, masomo ya kutosha na tabia iliyopimwa, na mikoa yote ipate nafasi kwa usawa. Basi tuanze na yale yenye iko mikononi mwetu.

Mwili. Usingoje wiki ya mwisho. Anza miezi mbele, kidogo kidogo. Kimbia, panda milima, tembea mbali na mzigo mgongoni, na viatu vyenye miguu yako imekwisha kuzoea. Lala mapema, acha pombe. Pimisha macho na meno mbele munganga wa jeshi hajakupima. Ofisa anatembea mbele. Akichoka yeye wa kwanza, nani atamufuata?

Kichwa. Tengeneza makaratasi yako sasa: diploma ya serikali, cheti cha kuzaliwa, jina liandikwe sawasawa kila pahali. Jua Kifaransa cha kuandika raporo na Lingala ya kuongea na askari. Jifunze kusoma ramani, na kuhesabu chakula, maji na wagonjwa. Askari wanakufa pia juu ya hesabu mbaya.

Moyo. Novemba 2012, wakati M23 iliingia Goma, askari wetu walirudi nyuma bila mpangilio mpaka Minova, na huko wanawake wengi wakabakwa. Siku kama hiyo ndiyo inapima ofisa, kuliko paredi yote. Kifungu cha 28 kinasema wazi: amri yenye kuvunja haki za watu waziwazi, hakuna mwenye analazimishwa kuitii. Kijifunze mbele ya kuvaa nyota.

Tena, mshahara wa askari si pesa yako. Miaka mingi ulipitia mikononi mwa makomanda. Askari hewa wakalipwa kwenye karatasi, na wa kweli wakalala njaa.

Kwa serikali tunasema: mashurti ya kuingia yatangazwe wazi, mikoa yote, na majina ya wenye wamefaulu yabandikwe. Na wewe kijana, mtu akikuomba pesa ili akuandike, usimupe. Mwenye kununua cheo ataitafuta pesa yake kwenye sahani ya askari.

Wandugu, vijana wa kuvaa mavazi ya jeshi tuko nao wengi. Tunakosa wakubwa wenye askari wanaweza kufuata, na wenye mama wa kijiji akiwaona hatakimbia.