"Nitafute Facebook" si anwani: mpe mteja linki



Msimu uliopita nilipigiwa simu na mnunuzi wa vitunguu kutoka Dar es Salaam. Aliwahi kufika Mang'ola, akanunua kwa mama mmoja, mzigo ukafika sokoni umekauka vizuri na haujaoza. Akataka kurudi kwa mama yuleyule. Lakini simu yake ilikuwa imeibiwa na namba zote zimepotea. Alichokumbuka ni maneno ya yule mama wakati wanaagana: "Nitafute Facebook."

Akaandika jina lile, zikaja akaunti nyingi zenye jina hilohilo. Moja ilikuwa na picha ya vitunguu. Akaiandikia, akajibiwa haraka kwamba mzigo upo, atume kianzio. Bahati nzuri alishtuka, akanitafuta mimi. Mpaka tunampata mama mwenyewe, vitunguu vilikuwa vimeanza kuchipua na alikuwa amempa dalali kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alikuwepo na mzigo ulikuwepo, ila njia ya kuwakutanisha ndiyo iliyokosekana.

Ndiyo maana nasema, "nitafute Facebook" si anwani. Ni sawa na kumwambia mgeni aulizie kwa Mama Neema, wakati kijiji kina akina Mama Neema kumi. Mkulima anayetegemea kuuza anapaswa kuijua linki ya akaunti yake kama anavyoijua namba yake ya simu.

Linki ni nini hasa? Ni yale maandishi yanayoonyesha akaunti yako iko wapi kwenye intaneti. Majina yanaweza kufanana, lakini linki ni moja kwa kila akaunti. Mteja akiibofya anafika kwako moja kwa moja, bila kutafuta.

Anza na WhatsApp, maana ndiyo rahisi. Andika wa.me kisha mkwaju (/), halafu namba yako ukianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Usiache nafasi katikati. Mteja akibofya, mazungumzo yanafunguka hata kama hajaihifadhi namba yako. Walio Kenya waanze na 254, Uganda 256.

Kwa Facebook, fungua ukurasa wako, bonyeza vile vitone vitatu, kisha utafute sehemu ya kunakili linki. Simu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo utaona "Copy link". Nenda ukaibandike kwenye meseji na uitazame. Ukiona mlolongo mrefu wa tarakimu, maana yake hujachagua jina la mtumiaji. Ingia kwenye mipangilio ulichague: herufi, tarakimu na nukta tu, lisipungue herufi tano. Jina lako, zao na kijiji vinatosha. Chagua jina utakaloishi nalo, maana ukilibadilisha baadaye, linki uliyokwisha kuchapisha kwenye magunia inaweza isimfikishe mtu popote.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, itume kwa jirani aifungue kwenye simu yake. Wewe ukiifungua kwenye simu yako itafunguka tu, kwa kuwa tayari umo ndani. Jirani ndiye atakayekuonyesha anachokiona mteja.

Kuna makosa matatu ninayoyaona kila siku.

La kwanza, mtu anatuma linki ya tangazo moja akidhani ni ya akaunti. Mteja anafungua miezi sita baadaye, anakuta bei ya gunia ya wakati wa mavuno, mnaanza kubishana. Tuma linki ya ukurasa wenyewe, ambako tangazo jipya liko juu.

La pili, mtu anasambaza ovyo linki ya kundi la WhatsApp. Hiyo ni mlango wa kuingia ndani: yeyote aliye nayo anaweza kujiunga, akaona namba za wanachama wote na kuanza kuwatapeli mmoja mmoja. Kama linki ya kundi lenu imeshasambaa, msimamizi aibatilishe na kutoa mpya.

La tatu, na ndilo linaloniumiza zaidi, ni kutoa linki ya akaunti binafsi. Humo mna picha za watoto, nyumba, na maneno kama "Namshukuru Mungu, leo nimeuza gunia themanini." Mteja anasoma, na mwizi naye anasoma. Fungua ukurasa wa biashara peke yake: picha za mzigo, kijiji, aina ya mbegu, kiasi kilichopo na namba ya simu. Mengine yabaki ya nyumbani.

Na mtu akikutumia linki yake akasema bofya upate mkopo wa pembejeo, halafu akataka tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, usimpe, hata akijiita mimi. Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Mteja wa kweli hana haja nazo.

Najua wapo watakaosema: "Afisa, mimi nina dalali wangu, ananitosha." Sina ugomvi na dalali. Ana kazi yake, na wapo waaminifu. Lakini kama dalali peke yake ndiye anayejua mzigo uko wapi na mnunuzi ni nani, bei ataipanga yeye. Mnunuzi akiwa na linki yako, angalau unakuwa na mtu wa pili wa kumuuliza bei kabla ya kukubali.

Wengine watasema hawana simu janja. Kijana wa nyumbani anayo, ila akaunti ifunguliwe kwa namba yako wewe, na nywila uijue wewe. Nimeona familia ikipoteza ukurasa wenye wateja kwa sababu kijana alihamia mjini nao.

Linki haitakausha vitunguu vibichi, wala haitafanya gunia la lumbesa liwe halali. Kazi yake ni kumrudisha mtu aliyependa mzigo wako. Kwa hiyo iandike kwenye kikaratasi unachoweka ndani ya gunia, kwenye risiti na kwenye ubao wa duka.

Ukikwama, njoo na simu yako ofisi ya kata siku ya gulio. Tutaitengeneza pamoja kabla vitunguu havijang'olewa.