Wakili wa Haki Hatetei Uhalifu

Mahakama ikibatilisha amri ya serikali, hutakosa kumsikia abiria kwenye matatu akisonya: "Hawa mawakili wa haki za binadamu kazi yao ni kutetea wahalifu." Maneno hayo yamerudiwa mpaka watu wenye akili zao wameyameza. Si kweli, na yanatuponza.

Wakili anayeomba mapitio ya mahakama hamwombi jaji aseme mteja wake ni mtu mwema. Anauliza: huyu afisa alikuwa na mamlaka? Alimsikiliza mtu kabla ya kumvunjia kibanda au kumfuta kazi? Alimpa sababu kwa maandishi? Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinadai hayo, na hakikuandikiwa majambazi. Ni cha mama mboga na cha mwalimu.

Wakili wa haki za binadamu Willie Kimani alikuwa akimtetea mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na polisi, akalalamika, kisha akafunguliwa mashtaka yeye. Mhalifu hapo ni nani? Tarehe 23 Juni 2016 Kimani na mteja wake walitoka mahakama ya Mavoko wakatekwa, wao na dereva wao wa teksi. Kutoka walikofungiwa, katika kambi ya polisi Syokimau, kikatupwa nje kipande cha karatasi ya shashi kilichoandikwa kwa mkono: mke wa mmoja wao apigiwe simu, wako hatarini. Miili yao ilipatikana mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk.

Mwaka uliofuata, katika kesi ya Muruatetu, mawakili waliishawishi Mahakama ya Juu kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji amhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba wauaji walifunguliwa milango. Uamuzi huo wenyewe haukumfungulia yeyote mlango. Jaji alipewa nafasi ya kupima nani alifanya nini.

Februari 2023, polisi watatu na raia mmoja walihukumiwa kwa mauaji ya Kimani na wenzake. Mmoja alipewa kifo, wengine miaka 30, 24 na 20. Kila mmoja alisikilizwa kwanza na kupimiwa adhabu yake, kwa haki iliyopiganiwa na mawakili wa aina ya yule waliyemuua.