Kusita si Kuchukia

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika hafla ya kuwaaga wanafunzi wa kidato cha nne kwenye shule moja ya upili huko Embu. Msichana mmoja kutoka Meru alisimama kutoa shukrani kwa Kiingereza. Alikusudia kusema kwamba anaondoka shuleni kwa moyo mzito, akatumia neno "loath". Kilichosikika ni "loathe". Mwalimu mmoja akaangua kicheko, akamwuliza kama kweli aliichukia shule kiasi hicho. Ukumbi mzima ukacheka. Msichana akaketi, asiseme neno tena.

Maneno hayo mawili ni ndugu. Yote mawili yana asili katika Kiingereza cha kale, na shina lao lilibeba maana ya chuki na uadui. Lakini ndugu hao waliachana njia. "Loath" ni kivumishi, nacho humweleza mtu anayesita kutenda jambo, pengine kwa sababu ya mapenzi. "Loathe" ni kitenzi, na maana yake ni kuchukia kupita kiasi, hata kuona kinyaa. Katika matamshi ya wengi, la kwanza huishia kwa sauti ya "th" kama katika thelathini, na la pili kwa "dh" kama katika dhahabu. Hata Waingereza wenyewe huyachanganya katika maandishi.

Kwa nini basi msichana yule aliteleza? Msafiri atokaye Embu kwenda Meru huvuka mto Thuci, kisha mto Nithi. Majina hayo huandikwa kwa "th", lakini wenyeji huyatamka kwa "dh". Kimeru na Kiembu, kama Kikuyu, hutumia herufi hizo kwa sauti ghuna, ile inayotetemesha koo. Msichana hakukosa akili wala bidii. Alikisoma Kiingereza kwa ulimi aliolelewa nao.

Dawa tunayo, nayo ni Kiswahili. Lugha hii ina sauti zote mbili, na huzitumia kutenganisha maana. Kuthamini si kudhamini: waweza kumthamini mwanafunzi bila kumdhamini hata kwa shilingi moja. Mwalimu na aanze na jozi hiyo, kisha awaambie wanafunzi waguse koo zao: "dh" hutetema, "th" haitetemi. Wakishaelewa, awavushe hadi "breath" na "breathe", kisha "loath" na "loathe".

Wapo watakaosema kwamba lugha ya mama ndiyo kikwazo. Wengi wetu tuliwahi kuvishwa kibao shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Kibao hicho hakikutufundisha kutofautisha hata sauti moja. Kilitufundisha kunyamaza.

Walimu wenzangu, sisemi tufumbie makosa macho. Kosa ni kosa, na mtihani hauna huruma. Lakini tusahihishe kwa maarifa, si kwa kicheko. Nanyi wanafunzi, msione haya kwa ndimi zenu. Jifunzeni tu sauti iliyopungua. Mwanafunzi anayesita kusema leo, tukimcheka, kesho ataichukia lugha yenyewe. Hapo "loath" litakuwa limegeuka "loathe" kwa maana yake kamili, na kosa litakuwa letu.